Maji ya mto yana munyu bondeni: namna ya kujua chumvi inatoka wapi

Kila mwaka kati ya Januari na Machi, kabla masika hayajaingia, huletewa chupa. Mara ni chupa ya soda, mara ni kidumu cha lita tano, na ndani yake maji ya mtoni. Anayeleta haulizi kama yana chumvi, maana ameshayaonja. Anauliza moja tu: "Bahari imepanda?"

Mimi ni mkulima wa mpunga na mboga magharibi ya Pemba, na ndiye ninayeshika daftari la kamati ya maji ya bonde letu. Chupa moja peke yake hainiambii kitu. Kwa hiyo humrudishia mwenyewe maswali matatu: uliyateka saa ngapi, uliyateka wapi, na uliyateka juu ya maji au chini?

Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayotenganisha sababu, na ni lazima zitenganishwe, kwa kuwa dawa ya moja ni sumu ya nyingine. Ukijenga tuta kuzuia bahari, kumbe chumvi inateremka kutoka mitaro ya mashamba ya juu, tuta litaifungia chumvi ndani ya bonde. Ukifungulia maji mengi kuosha shamba, kumbe shamba halina pa kutolea maji, utaivuta chumvi iliyoko chini ije juu. Nimeona yote mawili yakifanywa na watu wenye bidii kubwa, na imeniuma.

Hakikisha kwanza kama ni chumvi

Mpunga ukibadilika rangi, si lazima uwe munyu. Kimyanga, ule ugonjwa wa virusi, huanza kwenye majani machanga: madoa na michirizi ya njano inayofuata urefu wa jani, mche unadumaa, na shina moja laweza kuugua huku la jirani ni zima. Sumu ya chuma hutokea pale maji yanapochuruzika kutoka chini ya kilima na kusimama. Majani ya chini hupata vidoa vya rangi ya kutu, na juu ya maji huwa na utando unaong'aa kama mafuta. Uguse kwa kijiti. Ukikatika vipande vipande ni chuma, ukijirudi na kuungana ni mafuta ya pampu ya mtu. Njaa ya urea hugeuza majani ya zamani kuwa njano karibu shamba zima kwa pamoja.

Chumvi ina sura yake. Ncha za majani ya zamani huwa nyeupe, kisha hukauka kama zilizopitiwa na moto, huku shina la jani bado ni kijani. Huja kwa mabaka, si shamba zima. Na ina majira yake: mbegu ya mpunga huota bila taabu kwenye munyu mdogo, miche ya majani mawili matatu hufa, iliyopona hustahimili kwa muda, halafu hulegea tena wakati wa kuchanua. Ndiyo maana mtu anaweza kuona shamba limesimama kijani kibichi, akaalika watu wa kuvuna, akapata mapepe.

Angalia pia mimea iliyojiotea. Mboga ya pwani, ile tunayoichuma ufukweni, ukiiona inatambaa kwenye matuta ya ndani ya bonde, ujue imeifuata chumvi na haikukosea njia.

Kipimo na chupa ya kamba

Ulimi hautoshi. Aliyezoea kunywa maji ya kisima fulani huyaona matamu hata yakibadilika, na kunde huumia kabla ya ulimi wake kustuka. Kamati ikichanga, inunue kipimo cha mkononi cha EC, kinachofanana na kalamu nene. Kinapima jinsi maji yanavyopitisha umeme. Chumvi ikizidi, umeme hupita kwa wepesi zaidi. Husoma kwa desisimensi kwa mita au kwa mikrosimensi kwa sentimita. 1,000 za hizo za pili ni sawa na 1 ya zile za kwanza. Hapa nitatumia desisimensi.

Mwongozo wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) unasema maji ya chini ya 0.7 hayana shida kwa kumwagilia, kutoka 0.7 hadi 3 yanataka uangalifu, na zaidi ya 3 ni hatari kwa mazao mengi. Maji ya bahari ni karibu 50. Kila 1 unayoisoma ni takriban gramu 0.64 za chumvi katika lita.

Kipimo kinapima maji uliyonayo mkononi tu, na mtoni maji ya juu na ya chini si mamoja. Ya bahari ni mazito kuliko ya mto kwa kama asilimia mbili na nusu, kwa hiyo hayachanganyiki mara moja. Hujipenyeza chini kama kabari, na maji matamu yakaendelea kutiririka juu yake. Ukiteka kwa kata ukingoni utasema mto ni salama, na mdomo wa pampu yako uko chini unafyonza bahari.

Sisi tunatumia chupa ya kioo iliyofungiwa jiwe. Shingoni ina kamba, na mdomoni ina kizibo cha gunzi la mahindi chenye uzi wake mbali. Unaiteremsha hadi jiwe liguse tope, unaivuta juu shubiri moja isijae matope, kisha unavuta uzi. Gunzi linatoka, mapovu yanapanda. Mapovu yakikatika chupa imejaa, unaipandisha polepole. Kifaa hiki hakina gharama yoyote, na ndicho kilichomaliza ugomvi wa miaka miwili bondeni kwetu.

Dalili: chumvi huja na bamvua, hasa alasiri, na hupungua kadiri unavyopanda juu ya mto

Hii ni bahari. Lakini usiishie hapo, kwa sababu swali lenyewe ni kwa nini mto umeiruhusu.

Bamvua ni yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na mtu wa pwani hahitaji kalenda kuyajua. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari yetu hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne. Siku za maji mafu, yale madogo ya katikati ya bamvua mbili, mambo hugeuka. Kwa hiyo pima saa nne asubuhi siku ya bamvua, kisha saa kumi jioni, mahali palepale, juu na chini. Kipimo kikiruka, sababu ni maji kujaa. Kisha tembea kupanda mto ukipima kila baada ya hatua mia, mpaka pale ambapo kipimo cha saa nne na cha saa kumi ni kimoja. Chomeka kijiti hapo. Hapo ndipo bahari inapoishia, na utakirudia kijiti hicho kila mwezi.

Kwetu tuliamini tuta limetoboka. Tulilikagua lote, tukaziba matundu ya kaa kwa udongo wa mfinyanzi, tukapanga magunia ya mchanga. Bamvua lililofuata, miche ikaungua vilevile. Nikakaa ukingoni tangu asubuhi na kipimo na chupa ya kamba. Saa nne kilisoma chini ya 1, juu na chini. Saa kumi kasorobo juu hakijafika 2, na chini kimepita 6. Tuta lilikuwa zima. Bahari ilikuwa inapita mlangoni, mtoni kwenyewe.

Bi mkubwa mmoja anayelima jirani yangu alinitazama nikiandika, akaniambia: "Mwanangu, bamvua ni hili hili tangu nimeolewa hapa. Mto ndio siuoni ule." Maneno hayo yalinirudisha kwenye daftari. Nikalinganisha Alhamisi na Ijumaa za bamvua moja, mwezi baada ya mwezi, na kila mara Ijumaa jioni chumvi ilikuwa afadhali. Ijumaa watu wa juu hawawashi pampu mpaka wametoka msikitini, na wengi siku hiyo hawafiki shamba kabisa. Pampu zikinyamaza tangu asubuhi, mto unajaa, na mto ukijaa unaisukuma bahari nyuma.

Huo ndio utaratibu wote. Mahali ambapo maji ya mto na ya bahari yanakutana ni mahali pa kusukumana, na kila ndoo inayochukuliwa juu kwa ajili ya nyanya na mchicha ni ndoo iliyotolewa kwenye upande wetu wa msukumano. Mito ya Pemba ni mifupi, mingi inaishia kwenye mikoko bila kupita nchi kavu ndefu, kwa hiyo pampu chache tu za kiangazi zinatosha kubadilisha mambo. Wenzetu wa bara wameyaona haya kwa ukubwa mwingine kwenye mto Pangani: maji yanayotoka Kilimanjaro na Meru yanapunguzwa njiani na mashamba na mitambo ya umeme, na kule mdomoni bahari inaingia ndani zaidi ya mto.

Ya kufanya, kwa mpango wa uharaka:

- Panga zamu na watu wa juu kwa siku za bamvua peke yake. Kwetu tumekubaliana pampu za juu zizimwe tangu adhuhuri hadi magharibi, siku tatu kuzunguka mwandamo na siku tatu kuzunguka mwezi mpevu, Januari hadi masika. Wanamwagilia asubuhi, na mboga zao hazikupungukiwa, kwani maji ya mchana wa jua kali mengi hupotea hewani.
- Wewe wa chini, piga pampu maji yanapokupwa, usisubiri yakianza kujaa.
- Fungia mdomo wa bomba la pampu chini ya kidumu kitupu kielee, uvute maji ya juu. Hili pekee liliokoa bustani ya vitunguu ya mwenzetu.
- Zuieni uchimbaji wa mchanga mdomoni mwa mto. Mto ukichimbwa kina, kabari ya chumvi inapata njia pana.
- Mikoko isikatwe. Huvunja nguvu ya mawimbi na kushika udongo unaolinda tuta. Kisiwa Panza, kusini ya Pemba, walipata shida kubwa ya bahari kuingia mashambani, na huko upandaji wa mikoko umekwenda pamoja na ujenzi wa ukuta.

Kabla ya kukubaliana zamu, msipeleke maneno kwa watu wa juu bila daftari. Sisi tulikwenda mara ya kwanza na malalamiko tukarudi na malalamiko. Mara ya pili tulikwenda na kurasa za Alhamisi na Ijumaa, na mkubwa wao akasoma mwenyewe, kimya, ukurasa hadi ukurasa.

Dalili: chumvi haijali bamvua, inapanda polepole kiangazi chote, na ipo hata juu ya kijiti chako

Sasa iache bahari, utazame mashamba.

Hakuna maji ya mto yasiyo na chumvi kabisa. Yanapopita kwenye udongo na mawe huyeyusha kidogo. Mmea unapokunywa, unachukua maji na kuiacha karibu chumvi yote. Jua likivukiza, linachukua maji na kuiacha chumvi. Chukua ndoo kumi, kila moja tia kijiko kimoja cha chumvi. Mazao na jua wanywe ndoo nane. Zimebaki mbili, na vijiko vyote kumi vimo ndani yake. Ndoo zile mbili ndizo zinazoteremka kwenye mtaro na kurudi mtoni, na jirani wa chini akazifungulia mfereji wake.

Fuata hesabu hii kwenye mto wenye mabonde matatu yanayofuatana. Mto unafika bonde la kwanza na sehemu 10 za maji, kipimo 0.4. Bonde linachukua nusu, linatumia nne katika tano, na kurudisha moja. Mto sasa una sehemu 6, chumvi yote ileile, kipimo kimekuwa kama 0.67. Bonde la pili linafanya hivyohivyo: zimebaki sehemu 3.6, kipimo 1.1. La tatu: zimebaki sehemu 2.16, na kipimo ni karibu 1.85. Hakuna tone la bahari lililoingia, na anayelima chini ya bonde la tatu anapata maji yenye chumvi mara nne na zaidi kuliko yale ya juu, tena kidogo. Mambo mawili yamemfika kwa pamoja, na yote yametokana na jambo moja.

Nchi zenye mito mikubwa zimeumia sana kwa hili. Mwaka 1961 maji ya mto Colorado yanayoingia Meksiko yalizidi chumvi ghafla kwa sababu mashamba ya Arizona, upande wa Marekani, yalianza kumwaga mtoni maji ya mitaro yake. Ugomvi wa nchi mbili uliendelea hadi makubaliano ya 1973. Australia, kando ya mto Murray, umwagiliaji ulipandisha maji ya ardhini yenye chumvi ya kale mpaka yakawa yanavuja kuingia mtoni, na leo wanachimba visima vya kuyavuta kabla hayajafika huko.

Sisi tuna jambo wasilokuwa nalo. Mvua ya Unguja ni kama milimita 1,600 kwa mwaka, na ya Pemba inakaribia 1,900. Masika moja nzuri inaosha kilichokusanyika kiangazi, ikiwa udongo una pa kupitishia maji. Kwa hiyo chumvi ya aina hii kwetu ni ya msimu: ukiiona imebaki hata Juni, baada ya masika kamili, basi sababu si hii peke yake, soma sehemu inayofuata.

Namna ya kuthibitisha ni rahisi. Pima mfereji unaoingia kila bonde na mtaro unaotoka, siku moja, asubuhi moja. Mtaro ukisoma mara tatu au nne ya mfereji, umempata. Dawa si kumkataza mtu wa juu kulima. Ni kuutenga mtaro na mfereji: maji yaliyotumika yapite njia yake hadi mikokoni na yasirudishwe juu ya mlango wa maji wa jirani. Na ni kupunguza kinachotumika ovyo. Mifereji ya udongo isiyozibwa, majaruba yasiyosawazishwa, kumwagilia saa saba mchana, vyote vinaongeza maji yanayopotea na kubakisha chumvi. Mboga zikiwekewa matandazo ya nyasi au makuti, zinataka maji machache. Hapo ndipo ningeanza.

Kwa wenzetu wa Unguja nina neno la ziada. Huko mito kadhaa, ukiwamo Mwera ulio mkubwa kuliko yote, hupotea ardhini kwenye mawe ya matumbawe kabla haijafika baharini. Maji ya mtaro unayoyatia mtoni hayaendi baharini yakaisha. Yanaingia kwenye hazina ileile ya maji inayotegemewa na visima.

Dalili: maji ya mto ni matamu, lakini shamba lina unga mweupe

Pima maji ya mfereji. Yakiwa chini ya 0.7 na bado matuta yana ganda jeupe linalong'aa asubuhi, shida iko chini ya miguu yako. Maji ya ardhini yamepanda karibu na uso wa udongo. Udongo unayafyonza kama utambi wa taa unavyofyonza mafuta, jua linayavukiza, chumvi inabaki juu. Hutokea sana penye mitaro iliyozibwa na nyasi, na pale mabonde ya mpunga yanapolimwa mboga kiangazi bila kuchimba mitaro.

Chimba shimo la mkono mmoja kwenda chini usiku, ulitazame asubuhi. Ukikuta maji yamesimama ndani yake, na kutoka uso wa udongo hadi kwenye maji haifiki nusu mita, umepata jibu.

Mtu hushangaa: maji matamu yanaletaje chumvi? Fanya hesabu ya eka moja iliyomwagiliwa maji ya kina cha mita moja kwa msimu mzima. Hiyo ni mita za ujazo 4,000. Yakiwa na nusu gramu tu kwa lita, kiasi ambacho ulimi wa wengi hauoni, umeleta shambani tani mbili za chumvi. Ni magunia arubaini ya kilo hamsini. Yasipopata njia ya kutokea, yako hapo.

Fungua mtaro kwanza, mpaka shimo lako likauke. Ndipo uoshe, kwa maji ya masika au ya mto yaliyopimwa. Kwa udongo wa kina cha sentimita 30, sentimita 15 za maji yanayopita ndani yake hupunguza chumvi kwa karibu nusu, na sentimita 30 hupunguza kwa karibu asilimia 80. Yapite ndani, nasema. Yakipita juu na kumwagika upande wa pili, yameosha majani tu. Na ukipanda mboga kwenye matuta yenye munyu, weka miche ubavuni mwa tuta, maana chumvi hukimbilia kileleni.

Dalili: pampu ya kisima inatoa maji matamu asubuhi, munyu jioni

Zima pampu. Kadiri unavyoendelea ndivyo unavyoharibu.

Chini ya visiwa vyetu maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari, na kwa kila mita moja yanayoinuka juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita arubaini za maji matamu chini yake. Uwiano huo unafanya kazi pande zote mbili: ukishusha maji ya kisima sentimita 10, chumvi ya chini inaelekea kupanda mita nne. Pampu kubwa ikivuta mahali pamoja, chumvi huinuka chini yake kama kichuguu. Ikipumzika saa kadhaa hushuka, ndiyo maana asubuhi umeyakuta matamu. Ikizoeshwa kuvutwa kila siku, hairudi tena msimu huo.

Kwenye uwanda wa mawe, upande wa mashariki wa visiwa vyote viwili, hali ni nyepesi zaidi kuharibika, kwani mawe ya matumbawe yana matundu na bahari hupita ndani yake kama inavyopita dema. Huko vuta kidogo kidogo kwa saa nyingi, tumia visima vifupi viwili kuliko kimoja kirefu, na kamwe usichimbe zaidi ukifuata maji, maana unaifuata bahari. Kabla ya kuchimba kisima kipya cha shamba, uliza Mamlaka ya Maji Zanzibar.

Dalili: baada ya bahari kuingia shambani, mvua ya kwanza imefanya udongo kuwa jiwe

Chukua bonge kavu la udongo, ulitie kwenye glasi ya maji ya mvua, usikoroge. Maji yakigeuka kama maziwa kuzunguka bonge, chumvi imeoshwa lakini sodiamu imebaki imeshika udongo, na vitundu vyake vimeziba. Kuendelea kumwaga maji matamu hapo hakusaidii, maji yanasimama juu. Dawa ni jasi, inayoleta kalsiamu ichukue nafasi ya sodiamu, kisha samadi na mitaro. Usilime udongo huo ukiwa umelowa. Kiasi cha jasi hutegemea udongo, kwa hiyo peleka sampuli kwa watafiti wa kilimo Kizimbani kabla ya kununua magunia.

Wakati unasubiri dawa, panda kinachostahimili

Kwa chumvi iliyoko kwenye udongo wenyewe, maharage na karoti huanza kupungua mavuno ikifika 1, vitunguu 1.2, pilipili 1.5, kabichi 1.8, nyanya na matango 2.5, mpunga 3. Mtama hustahimili hadi karibu 7. Mpunga ukishapita 3, kila 1 inayoongezeka hula kama asilimia 12 ya mavuno. Kumbuka udongo huwa na chumvi zaidi kuliko maji unayoumwagilia, kwa kawaida kama mara moja na nusu hata kama unaosha vizuri. Maji ya 1 yanakupa udongo wa 1.5, na vitunguu vyako vimeshaguswa. Zipo mbegu za mpunga zilizotolewa Tanzania kwa ajili ya mashamba ya chumvi, SATO 1 na SATO 9. Ni msaada, hasa pale tuta linapovuja na hakuna fedha ya kulijenga mwaka huo. Kama shida ni mtaro uliozibwa, mbegu hizo zitakupa msimu mmoja au miwili kisha chumvi itazifikia nazo. Atika miche iliyokomaa kidogo, ya wiki nne kwenda juu, ikiwa imevuka umri wake dhaifu kitaluni kwenye maji matamu.

Daftari

Safu zetu ni hizi: tarehe ya mwezi mwandamo, saa, mahali, juu au chini, kipimo, na pampu ngapi zinasikika zikinguruma. Safu hiyo ya mwisho niliiongeza baada ya jambo la Ijumaa, na sasa ndiyo ninayoitazama kwanza.

Kwa hiyo ukija kwangu mwezi wa Januari, njoo na chupa nne: juu na chini za saa nne, juu na chini za saa kumi, za siku moja ya bamvua. Ziandike kwa kalamu ya wino usiofutika. Na kila chupa isuuze mara tatu kwa maji yaleyale utakayoyajaza, kwa sababu mabaki ya soda nayo hupandisha kipimo.